VETA, diploma, uanagenzi au gereji: njia ipi ya kuwa fundi wa matengenezo?

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Ana C ya hesabu, D ya fizikia, na mikono isiyotulia. Redio ya bibi yake ameshaifungua mara tatu, na mara mbili aliirudisha ikiwa nzima. Swali lake ni lile lile ninaloulizwa na vijana wa mtaani kila matokeo yakitoka: "Mjomba, niingie VETA, niende DIT, au nitafute kiwanda kinichukue nijifunzie humo humo?" VETA ni mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi pamoja na vyuo vyake, DIT ni chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam.

Nimefanya matengenezo viwandani miaka kumi na saba, Dar na Morogoro. Niliingilia mlango wa VETA, diploma nikaisoma baadaye nikiwa na mke na mtoto mmoja. Kwa hiyo nina upande ninaoegemea, na sitauficha.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Fundi wa matengenezo haundi mashine wala haiendeshi. Ni yule anayepigiwa simu saa nane usiku kwamba konveya imesimama, na mchana anazunguka na grisi, multimita na daftari ili hiyo simu ya saa nane isipigwe. Kwenye makaratasi kuna ngazi tatu: fundi mchundo, fundi sanifu, mhandisi. Cheti cha VETA kinakuweka ya kwanza, diploma ya pili, digrii ya tatu. Mshahara, nyumba ya kampuni na nani anamsainia nani likizo hufuata ngazi hizo. Nani anaijua mashine ni habari nyingine.

Mlango wa kuingilia

Gereji au karakana ya mtaani ndiyo rahisi kuliko zote. Haina fomu wala sifa za kujiunga, na ada yake ni kuosha vifaa na kutumwa chai mwaka mzima. Utajifunza kusikiliza injini, kulehemu ukiwa umelala chali, kuchonga spea isiyopatikana dukani, na kumwambia mteja bei bila kupepesa macho. Hilo la mwisho hakuna chuo kinachofundisha. Utakachokosa ni kusoma mchoro, kupima kwa maikromita, na kuelewa umeme wa fezi tatu zaidi ya "huu waya unarusha". Utakosa pia NSSF, na ukikatwa kidole hakuna mwajiri aliyekuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hapo ni mchango wa majirani.

VETA iko katikati. Sheria iliyoianzisha ni ya mwaka 1994, na vyeti vyake vimepangwa kwa hatua tatu, Level I hadi III. Wazee bado wanavilinganisha na Grade ya zamani, kwa hiyo usishangae msimamizi akikuuliza una "grade ngapi". Ada katika vyuo vyake imekuwa nafuu miaka mingi, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ila ulizia orodha ya michango, oveholi na vifaa kabla mzazi hajashangilia, maana orodha hiyo mara nyingi inaizidi ada yenyewe. Sehemu kubwa ya muda unaupitisha karakanani, na unapelekwa fildi. Ubaya wake ni kwamba karakana zinatofautiana kama usiku na mchana. Kuna chuo utakuta mota ishirini mezani na kila mwanafunzi na kontakta zake, zile swichi za kuwashia mota, na kuna chuo utakuta mota moja imezungukwa na wanafunzi thelathini, wa nyuma wanasoma kofia za wa mbele. Kabla ya kuchagua chuo, nenda kaione karakana yake siku ya kazi. Usiende siku ya maonyesho.

Diploma, pale DIT, Chuo cha Ufundi Arusha, MUST Mbeya na kwingineko, ni miaka mitatu kwa aliyetoka kidato cha nne, ngazi ya 4 hadi 6 kwenye mfumo wa tuzo za ufundi, NTA. Unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kwa fani za uhandisi hesabu na fizikia haziepukiki. Gharama ni kubwa kuliko VETA, ingawa tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha pia wanafunzi wa diploma kwa fani za kipaumbele. Utatoka unajua kwa nini mota inaungua, utaweza kuandika ripoti inayosomeka, na mlango wa digrii uko wazi. Ukishafika digrii, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa mafunzo kazini wa miaka mitatu kwa wahitimu, ulioanza 2003. Mhandisi naye, kwa hiyo, anapita uanagenzi, yaani kujifunza kazini chini ya aliyeiva. Watu hulisahau hilo wanapouona uanagenzi kama njia ya walioshindwa.

Uanagenzi wa kiwandani ndio unaozungumzwa sana na kuonekana kidogo. Ukifanywa inavyotakiwa, siku kadhaa uko darasani na siku nyingi zaidi uko kiwandani chini ya fundi aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba wako, unapewa posho, na mwisho unapimwa na mamlaka ya nje. Serikali ina programu yake kupitia ofisi inayoshughulikia kazi na ajira, na upande wa madini kuna ule mpango wa VETA Moshi ulioanzishwa 2009 pamoja na Chemba ya Madini, wa kuandaa mafundi wa migodini. Wahitimu wa mpango huo niliofanya nao kazi walikuwa na jambo moja la pekee: hawagusi kitu kabla ya kukizima, kukifunga kufuli na kukipima kwamba kweli hakina umeme.

Ukifanywa vibaya, uanagenzi ni kibarua chenye jina zuri. Nikiwa kijana nilikaa kiwanda kimoja miezi mitatu kwa jina la mafunzo. Nilipaka rangi reli za ngazi, nikafagia unga, nikabeba magunia. Spana niliishika mara mbili. Posho nililipwa mwezi mmoja. Nilipoondoka nilipewa barua inayosema nimepata "uzoefu mpana".

Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza haya, na uulize mbele ya mtu: nani ananifundisha, kwa jina? Nitakaa idara ipi kwa muda gani? Nani atanipima mwisho, ninyi au VETA? Nikiumia? Wakisema "hayo tutaona mbele ya safari", shukuru kwa chai uondoke. Usiwaonee huruma kwamba mafunzo ni gharama kwao. Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoiendesha VETA. Wameshachangia. Bora wapate fundi.

Kwa walio Kenya mpangilio unafanana, majina ndiyo tofauti: NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, ndiyo inayosimamia uanagenzi na mitihani ya ufundi, Grade III hadi I, na tozo yao ni shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Aliyejifunzia jua kali anaweza kwenda kupimwa akapata cheti. Huku kwetu tunaita kurasimisha ujuzi: VETA wanakupima kazini, wanaziba mapengo kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Kama tayari uko gereji mwaka wa nne, usirudi kuanza moja. Anzia hapo.

Beringi moja, mafundi watatu

Maelezo hayo utayapata popote. Tofauti halisi ya njia hizi niliiona kwenye pampu moja, kiwanda cha vinywaji, mwaka wangu wa kwanza wa ajira.

Mzee wetu wa zamu alitokea gereji, hakuwa na cheti chochote. Usiku mmoja alipita karibu na mota ya ile pampu, akarudi hatua mbili. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya nyumba ya beringi, lile kasha inamokaa, na mpini wake sikioni. Akanyamaza kidogo. "Ya mbele. Haimalizi wiki." Haikumaliza. Ilikufa siku ya nne.

Stoo wakatoa beringi mpya, 6308. Mzee akaifunga kwa ustadi kabisa: hakuipiga nyundo, aliipasha moto kwenye mafuta ikatanuka, ikateleza kwenye shafti kama pete. Mwezi haujaisha, mota ikawa haishikiki kwa joto, beringi ikaanza kulia tena.

Hapo akaja kijana wa diploma. Hakusikiliza chochote, alisoma. Namba ya beringi ina lugha yake. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha shimo kwa milimita: 08 ni 40. Nje yake ni 90, upana 23. Kisha zinakuja herufi: ZZ maana yake ina vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vya mpira. Na C3 maana yake gololi zimeachiwa nafasi zaidi ya kawaida, kwa sababu mota ikipata joto chuma hutanuka na nafasi hupungua. Kwenye kitabu cha mota yetu iliandikwa 6308 C3. Iliyotoka stoo ilikuwa 6308 tupu. Kwa macho ni pacha, na inaingia vilevile. Ilikuwa inajibana yenyewe kila mota inapopata moto.

Ikaletwa sahihi. Kazi ya kuweka grisi nikapewa mimi, mwenye cheti changu kipya cha VETA, na nikaona niwaoneshe. Nikapampu grisi mpaka ikatokeza pembeni. Kumbe gololi zikizama kwenye grisi zinaikoroga badala ya kuviringika, na kukoroga kunaleta joto. Asubuhi mota ilikuwa ya moto kuliko mwanzo. Yule kijana wa diploma alinikuta nikiifungua, hakusema kitu, akanipa kitambaa.

Mzee alikuwa na sikio, hakuwa na namba. Kijana alikuwa na namba, lakini mwaka ule usingempa bisibisi akuambie beringi ya mbele au ya nyuma. Mimi nilikuwa na mkono uliozoezwa na kitabu nilichokisoma nusu. Kila njia ina pengo lake linalojulikana, na ukilijua mapema unaweza kulifukia kwa makusudi. Wa gereji ajifunze kusoma kitabu cha mashine. Wa diploma aombe zamu za usiku, ambako hakuna msaidizi. Wa VETA arudi kwenye hesabu na fizikia aliyoikimbia.

Umeme au mitambo?

Swali hili vijana hulijibu kwa kufuata rafiki, na ni kubwa kuliko lile la chuo.

Fundi mitambo anafanya kazi na chuma: beringi, gia, mikanda, pampu, kompresa, kulehemu, kunyoosha shafti mbili zikae mstari mmoja. Kosa lake mara nyingi huonekana kwa macho au husikika. Kazi ni nzito, na ukifika miaka hamsini mgongo utakukumbusha kila gia boksi uliyoinua bila winchi. Uzuri wake ni kwamba kuna kiwanda karibu kila mkoa kinachomhitaji, hata kama ni cha kukoboa mpunga.

Fundi umeme wa viwandani anafanya kazi na kisichoonekana. Mfano mdogo: mota ya fezi tatu imekatikiwa fezi moja, fyuzi imeungua au mguso wa kontakta umechakaa. Ikiwa imesimama, haiondoki, inanguruma tu. Ikiwa inazunguka, itaendelea kuzunguka, lakini fezi mbili zilizobaki zinavuta mkondo mkubwa kuliko kawaida mpaka kinga ya ovalodi iikate, au, kama kuna mjanja aliyeifunga ovalodi kwa waya ili "isisumbue", mpaka koili ziungue. Fundi mitambo atasema pampu imekwama. Wa umeme atapima fezi zote tatu kabla ya kufungua bolti hata moja. Dakika tano, na mota imepona.

Faida ya pili ya umeme ni ya mfukoni. Ukiwa na leseni ya fundi umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo daraja lake hutegemea elimu na uzoefu wako, unaweza kufunga umeme majumbani wikendi kwa haki kabisa. Na mashine za siku hizi zote zina sensa na PLC, kompyuta ndogo inayoiongoza mashine, kwa hiyo wa umeme ndiye aliye karibu zaidi na mlango wa otomesheni. Ubaya: kosa moja linatosha. Chuma kinakuonya kwanza, umeme hauonyi. Na kapime macho kabla ya kujaza fomu, hasa kama ni mvulana. Kutotofautisha nyekundu na kijani ni hali wanayoishi nayo wanaume wengi kuliko wanawake, na wengi hawajijui mpaka waya ziwe mkononi.

Majokofu na viyoyozi nayataja kwa kifupi kwa sababu hayahitaji utetezi. Hoteli, hospitali, viwanda vya samaki vya Mwanza, maduka ya dawa, wote wanahitaji baridi. Kwa anayetaka kujiajiri mapema, mtaji wake ni mdogo na wateja hawaishi. Kwa anayetaka kupanda ngazi kiwandani, itamlazimu aongeze umeme juu yake.

Kama huna pa kuegemea, mimi nasema umeme wa viwandani. Wenzangu wa mitambo wakisoma hapa watanisamehe, na wasiponisamehe wanajua pa kunipata.

Utaanzia wapi?

Kiwanda cha sukari ndicho shule bora niliyoiona kwa fundi kijana, na hakisifiwi vya kutosha. Kilombero, Mtibwa, TPC kule Arusha Chini, vyote vinaenda kwa msimu. Miwa inasagwa miezi kadhaa bila kusimama, kisha mvua za masika zikichachamaa mashambani hapapitiki na kiwanda kinazimwa. Hapo ndipo kila kitu kinafunguliwa: roli za kukamulia, boila, tabaini, pampu, mamia ya vali. Unaona ndani ya mashine zote kwa wiki chache, vitu ambavyo kwenye kiwanda cha saruji ungesubiri miaka kuviona. Ubaya ni kwamba ajira nyingi za chini ni za msimu, na joto la boila si la hadithi.

Mgodini, Geita kwa mfano, malipo ni mazuri na usalama ni dini. Lakini utakuwa fundi wa kitu kimoja: miaka mitano ukifunga breki za malori makubwa tu. Ni sawa ukiwa umeshajua mengine. Kama ndiyo kazi ya kwanza, inakupunguza. Halafu kuna suala la kuishi kambini wiki kwa wiki. Mwenye mchumba afikirie.

Hoteli kubwa ni kinyume chake: jenereta, pampu, lifti, viyoyozi, bwawa la kuogelea, mtu mmoja. Unajua kila kitu kidogo kidogo. Kiwanda kidogo cha mtu binafsi ni hivyo hivyo, ila hakuna spea, na kufuli la usalama ukiliomba unaonekana mwoga. Liombe tu. Langu ni jekundu, lina jina langu na funguo moja, na halijawahi kufunguliwa na mtu mwingine.

Reli ya kisasa ya SGR na Bwawa la Julius Nyerere la kuzalisha umeme, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, ndizo ndoto za vijana wa sasa. Sizipuuzi. Lakini mtambo mkubwa hauna maana ya ajira nyingi: megawati 2,115 hazihitaji umati wa mafundi, zinahitaji wachache wanaojua vidhibiti vya kielektroniki na kusoma mchoro wa kurasa mia. Ukiitaka hiyo, njia ya gereji peke yake haitakufikisha. Anza na diploma ya umeme au elektroniki.

Mimi ningefanyaje

Mwenye ufaulu mzuri wa hesabu na mzazi anayeweza kumlipia, au mkopo, aende diploma moja kwa moja, lakini likizo zote azipitishe karakanani na si nyumbani. Mwenye D za kubahatisha na mikono mizuri aende VETA umeme wa viwandani, atafute kiwanda, na baada ya miaka miwili au mitatu arudi kwa diploma akiwa anajua anachokitafuta darasani. Mimi nilipita hapo, na masomo yaliyonitesa shuleni yalikuwa mepesi kwa sababu kila fomula ilikuwa na mashine yake kichwani. Ubaya wake ni usingizi: miaka mitatu ya zamu na daftari, na mtoto anayekuita mgeni. Uanagenzi wa mkataba ukiupata kwenye kiwanda kinachoeleweka, uchukue hata kabla ya VETA, kwa masharti yale niliyoyataja. Gereji iwe ya kukaa wakati unasubiri nafasi. Kama mwaka wa tatu bado uko hapo, kaombe kupimwa upate cheti.

Mpwa wangu bado hajaamua. Mama yake anataka diploma, yeye anataka VETA kwa sababu rafiki yake yuko huko, na wakati wanabishana amejipachika kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Jana usiku amenitumia picha ya beringi iliyopasuka, 6206, ananiuliza shimo lake ni milimita ngapi na kama inapatikana kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar. Nimemjibu azidishe mwenyewe. Akarudi baada ya dakika moja: thelathini. Kisha akaongeza kwamba hii ni ya pili tangu mwezi wa tatu, na jirani analaumu duka. Nimemwambia beringi aiache mezani, kesho kabla ya kununua nyingine aweke rula kwenye puli zote mbili aone kama zimekaa mstari mmoja, halafu aubonyeze mkanda kwa kidole anieleze umekazwa kiasi gani.